Taa ya Injini Imewaka: Jinsi ya Kutafuta Chanzo Kabla ya Kununua Spea

Kosa ni lile lile kila mara. Taa ya injini inawaka kwenye dashibodi, mwenye gari anasoma kodi, yaani namba ya hitilafu iliyoandikwa na kompyuta ya gari, skana inataja sensa ya oksijeni (kipimo cha oksijeni kwenye moshi wa eksozi), sensa inanunuliwa na kufungwa, kodi inafutwa. Baada ya siku chache taa imerudi. Inanunuliwa sensa ya pili, kisha koili, kisha mtu anashauri katalisti, kisafisha moshi kilichomo kwenye eksozi, ibadilishwe, na muda wote huo mpira wa hewa uliopasuka upande wa chini haujaguswa na mtu.

Kodi inakuambia kompyuta ya gari imepima kitu gani na kipimo kipi hakikuridhisha. Haikutajii spea iliyokufa. Spea unaitafuta mwenyewe kwa kupima, hatua moja baada ya nyingine, na hiyo ndiyo kazi tutakayofanya hapa.

Mwongozo huu ni wa magari ya petroli yenye OBD2, mfumo wa gari kujipima lenyewe na kutoa kodi kupitia skana. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani yanao kuanzia toleo la 1996, na ya petroli ya soko la Ulaya kuanzia 2001. Mwenye dizeli atafaidika na hatua tano za mwanzo, lakini hesabu za mchanganyiko wa hewa na mafuta zinazofuata baada ya hapo si zake.

## Vifaa vya kuandaa

- Skana inayoonyesha data hai, yaani vipimo vya sensa injini ikiwa inanguruma. Inayosoma kodi peke yake haitoshi. Adapta ya Bluetooth ya aina ya ELM327 pamoja na programu ya simu inafanya karibu kila kitu kilichomo humu.
- Maltimita ya dijitali.
- Tochi kali na kioo kidogo cha mkono, kwa sehemu usizoweza kuzitazama moja kwa moja.
- Spana ya plagi, bisibisi, na koleo yenye mdomo bapa.
- Chupa ya kupulizia yenye maji ya sabuni.
- Dawa ya kusafishia soketi za umeme, na nyingine maalumu ya sensa ya hewa, ile inayopima hewa inayoingia kwenye injini.
- Kitabu cha gari, hasa ukurasa wa fyuzi.
- Daftari. Usiliache kwa kudhani utakumbuka. Vipimo vya injini baridi na vya injini moto vikichanganyika kichwani, kazi yote inaharibika.

## Tahadhari kabla ya kufungua boneti

Usiwashe injini ndani ya chumba kilichofungwa. Moshi wa eksozi una kaboni monoksidi, haina harufu na inaua.

Funga nywele, vua cheni na skafu, na weka mikono mbali na mikanda na feni. Feni ya umeme inaweza kuanza kuzunguka yenyewe hata injini ikiwa imezimwa. Usifungue mfuniko wa radieta injini ikiwa moto.

Kama gari lako ni la mseto wa petroli na umeme, usiguse nyaya za rangi ya chungwa kwa sababu yoyote. Soketi za njano mara nyingi ni za mifuko ya hewa ya usalama; nazo ziache.

## Hatua ya 1: Itazame taa yenyewe

Taa iliyowaka bila kupepesa inakupa muda. Endesha kwa utulivu, lakini usiipuuze kwa wiki nyingi.

Taa inayopepesa ni jambo jingine kabisa. Maana yake kuna silinda inayomisi, yaani mchanganyiko wa petroli na hewa unaingia ndani na kutoka bila kuwaka. Petroli hiyo mbichi inakwenda kuwakia ndani ya katalisti, ambayo inapata joto kali hadi sega lake la ndani linaweza kuyeyuka. Punguza mwendo mara moja, ondoa mguu kwenye mafuta, simama mahali salama. Kuendelea na safari taa ikipepesa ndiko kunakogeuza tatizo la plagi moja kuwa tatizo la katalisti.

Kama pamoja na taa ya injini imewaka ile ya shinikizo la oili, au ya joto la injini, zima gari na uache habari ya kodi kwanza. Hizo mbili hazisubiri.

## Hatua ya 2: Soma kodi zote, ziandike, usifute

Tafuta soketi ya skana. Ina matundu 16, na kwa kawaida iko chini ya dashibodi upande wa dereva. Chomeka skana injini ikiwa imezimwa, kisha washa swichi bila kustati.

Andika kila kodi kwa ukamilifu wake: herufi na tarakimu zote nne. Kisha fungua sehemu ya kodi zinazosubiri. Hitilafu nyingi hazilazimishi taa iwake mpaka zijirudie katika safari mbili, kwa hiyo kodi inayosubiri inaweza kukuonyesha tatizo la pili ambalo bado halijawasha taa.

Sasa sababu ya kutofuta. Ukifuta kodi, unafuta pia rekodi ya mazingira yaliyokuwepo tatizo lilipotokea, unafuta yale ambayo kompyuta imejifunza kuhusu mafuta, na unarudisha nyuma majaribio yote ambayo gari lilikuwa limeshayakamilisha. Kuchomoa betri kunafanya uharibifu huo huo. Ushahidi wote unaouhitaji uko hapo. Usiuchome kwa kitufe kimoja.

Zikiwa nyingi, zipange hivi:

1. Kodi za umeme kwanza, zile zinazosema volti iko juu au chini kupita kiasi, au waya umekatika. Sensa kadhaa huweza kutumia waya mmoja wa volti 5, na waya huo ukigusa bodi ya gari, sensa tatu nzima zitalalamika kwa pamoja.
2. Kodi za kumisi, P0300 hadi P0312.
3. Kodi za hewa na mafuta, mfano P0171, P0172, P0174.
4. Kodi za katalisti, P0420 na P0430, mwisho kabisa.

Mpangilio huu unafuata mtiririko wenyewe wa kazi ya injini. Umeme mbovu unaharibu vipimo vya mafuta, mafuta mabovu yanasababisha kumisi au kuifuata, na vyote viwili vinaichosha katalisti. Mtu anayeanza na katalisti anaanza mwisho wa mto.

Neno la benki litakutokea mara nyingi. Benki 1 ni upande wa injini wenye silinda namba 1. Injini ya silinda nne zilizopangwa mstari mmoja kwa kawaida ina benki moja tu. Sensa 1 ni iliyo kabla ya katalisti, sensa 2 ni iliyo baada yake.

Umefanikiwa ikiwa: una orodha kamili kwenye daftari, na hakuna ulichofuta.

## Hatua ya 3: Soma rekodi ya tukio

Skana nyingi huiita friizi fremu. Ni vipimo ambavyo kompyuta ilivihifadhi sekunde ile ile kodi ilipojiandika: mwendo wa gari, mizunguko ya injini, joto la maji, mzigo wa injini, na marekebisho ya mafuta.

Watu wengi huruka ukurasa huu, na kwangu mimi ndio wenye thamani kuliko yote. Unakuambia ujaribu gari katika hali gani. Rekodi ikionyesha joto la maji 24°C na mizunguko 1100, usipoteze muda kulizungusha gari barabarani likiwa moto. Tatizo linajitokeza asubuhi injini inapoamka. Ikionyesha mwendo wa 95 km kwa saa na mzigo mkubwa, basi kusimama na kusikiliza injini ikinguruma hapo ulipo hakutakuonyesha kitu.

## Hatua ya 4: Hakikisha umeme wa gari ni mzima

Sensa zote zinategemea umeme ulio thabiti. Pima betri gari likiwa limelala: volti 12.4 hadi 12.7 ni afya njema. Stati, pima tena: kwa kawaida utaona kati ya 13.5 na 14.7. Ikiwa iko chini ya 13 na inazidi kushuka, shughulika na alteneta kwanza, kwa sababu kodi nyingine zinaweza kuwa zimezaliwa na udhaifu huo. Kuna magari mapya ambayo kompyuta inapunguza chaji kwa makusudi. Kwa hayo, fuata kitabu chake.

Kagua fyuzi kwa maltimita. Jicho peke yake hudanganywa. Hili lina uzito wa pekee pale sensa mbili au zaidi za oksijeni zinapoandika kodi za hita, yaani kipasha joto kilicho ndani ya sensa, kwa siku moja, mfano P0135 na P0141. Sensa mbili hazifi kwa pamoja kwa urahisi, ila fyuzi moja inayozilisha zote mbili inaweza kukatika kwa sekunde.

Kisha chomoa soketi ya sensa iliyotajwa na kodi, uitazame kwa tochi. Tafuta pini iliyorudi nyuma, kutu ya kijani, au oili. Oili ndani ya soketi si jambo la kupangusa na kusahau. Inatambaa ndani ya ganda la waya kutoka kwenye gasketi au sensa inayovuja, na itarudi mpaka uzibe inapotoka. Puliza dawa ya soketi, acha ikauke, rudisha mpaka usikie inabofya.

Sensa ya waya tatu ni rahisi kuihakiki. Soketi ikiwa imechomolewa na swichi imewashwa, waya mmoja unapaswa kuonyesha karibu volti 5, mwingine ni hasi, na wa tatu ndio unaopeleka taarifa. Volti 5 isipokuwepo, sensa mpya itakaa hapo bila kufanya chochote, kama ile ya zamani.

Usitoboe ganda la waya kwa sindano. Tundu dogo hilo linaingiza maji, na baada ya miezi utakuwa na tatizo ulilolitengeneza mwenyewe.

## Hatua ya 5: Macho na masikio

Injini ikiwa baridi, fuata njia ya hewa kuanzia kwenye eya klina mpaka kwenye injini. Bonyeza kila mpira kwa vidole na uukunje kidogo. Mipira ya hewa hupasuka kwenye mikunjo, na kwa upande wa chini, mahali jicho halifiki. Ule mpana unaotoka eya klina unaweza kuonekana mzima kabisa kwa juu, lakini ukiuvuta kama kinanda cha kordioni, mfereji wa chini unafunguka na kuonyesha ufa mweusi unaoingia ukucha. Injini ikitikisika kwenye mafuta, ufa huo unafunguka. Injini ikitulia, unajifunga. Ndiyo maana tatizo linakuja na kuondoka.

Angalia pia mpira mnene unaokwenda kwenye kifaa kinachoongeza nguvu ya breki, mipira myembamba ya mvuke, mfuniko wa oili na dipstiki. Katika injini nyingi, dipstiki isiyokaa vizuri inatosha kuingiza hewa ambayo kompyuta haijaihesabu.

Kwenye eksozi, tafuta alama nyeusi za masizi kwenye maungio. Stati injini ikiwa bado baridi na usikilize mlio wa tik-tik unaopungua kadiri chuma kinavyotanuka kwa joto. Nyunyizia maji ya sabuni kwenye ungio unaloshuku kabla halijapata moto, mapovu yatakuonyesha. Uvujaji ulio kabla ya sensa ya oksijeni, au karibu nayo, unavuta hewa ya nje kati ya mapigo ya moshi. Sensa inaona oksijeni hiyo na kutoa taarifa kwamba mafuta ni machache. Sensa imesema kweli kabisa, lakini mwenye gari anaitupa.

## Hatua ya 6: Data hai, injini baridi kisha injini moto

Gari likiwa limelala usiku mzima, washa swichi bila kustati. Linganisha joto la maji na joto la hewa inayoingia. Vyote viwili vinapaswa kukaribiana, vikitofautiana kwa nyuzi chache tu. Kimoja kikisema 22°C na kingine -30°C au 60°C, umeshampata mshitakiwa wa kwanza, na haujafungua hata skrubu moja.

Stati. Acha injini ipate joto lake la kawaida, katika magari mengi kati ya 80°C na 100°C. Sasa fungua mistari miwili inayoandikwa STFT na LTFT. Hayo ndiyo marekebisho ya mafuta, kwa asilimia: ya muda mfupi, yanayobadilika kila sekunde, na ya muda mrefu, ambayo kompyuta imeyazoea. Namba chanya inamaanisha kompyuta inaongeza petroli kwa sababu inaona hewa nyingi. Namba hasi inamaanisha inapunguza.

Zijumlishe. Jumla iliyo kati ya -10 na +10 ni ya kawaida, na karibu na sifuri ndipo pazuri zaidi. Jumla ya +20 na kuendelea ndiko P0171, kodi ya hewa nyingi na mafuta kidogo, inakozaliwa.

Chukua vipimo mara mbili: injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyaga mafuta, na tena ukishikilia mizunguko 2500 kwa dakika moja hivi. Tofauti ya vipimo hivi viwili ndiyo inayofumbua fumbo.

Juu kwenye sailensa, inashuka ukipandisha mizunguko. Tuseme +22 ikiwa sailensa na +4 kwenye 2500. Hapo kuna hewa ya pembeni inayoingia baada ya sensa ya hewa. Kwenye sailensa injini inameza hewa kidogo, hivyo hewa ya wizi ni sehemu kubwa ya yote. Ukipandisha mizunguko, hewa halali inakuwa nyingi na ile ya wizi haionekani tena.

Kawaida kwenye sailensa, inapanda kadiri mzigo unavyoongezeka. Mafuta hayafiki ya kutosha. Shuku chujio la mafuta, pampu, au sensa ya hewa iliyochafuka na kuripoti hewa pungufu.

Juu kila mahali kwa kiasi kile kile. Shinikizo la mafuta liko chini, sensa ya hewa imechafuka, au eksozi inavuja karibu na sensa ya mbele.

Hasi kupita -10. Mafuta ni mengi: injekta inayovuja, vali ya mvuke wa petroli iliyokwama wazi, shinikizo lililozidi, au sensa ya joto inayoiambia kompyuta kwamba injini bado ni baridi.

Ukishuku hewa ya pembeni, bana kila mpira mwembamba kwa koleo lililofungwa kitambaa, mmoja mmoja, huku ukitazama STFT. Mpira ambao ukiubana namba inaporomoka ndio unaoelekea kwenye tundu. Njia ya kupuliza petroli au dawa ya kabureta juu ya injini inayonguruma siishauri hata kidogo. Cheche moja inatosha kuwasha moto. Kama kubana hakukuonyesha kitu, gereji yenye mashine ya moshi itaupata ufa huo haraka na bila hatari.

Ukimaliza, tikisa nyaya taratibu huku mtu mwingine akitazama skana. Kipimo kinachoruka ghafla unapogusa waya fulani kinakuambia tatizo ni waya au soketi.

## Hatua ya 7: Mshike mshitakiwa kulingana na kodi

### Kumisi: P0300 hadi P0312

Tarakimu mbili za mwisho zinataja silinda: P0302 ni silinda ya 2. Zima injini, hamisha koili ya silinda ya 2 uipeleke ya 3, na ya 3 uilete ya 2. Sasa, kwa kuwa kila kitu umeshakiandika, unaweza kufuta kodi. Endesha. Kodi ikigeuka kuwa P0303, koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0302, hamisha plagi kwa namna hiyo hiyo. Ikibaki tena, geukia injekta, kisha mgandamizo wa silinda.

Plagi ukiitoa, isome. Rangi ya kahawia hafifu au kijivu ni nzuri. Masizi meusi makavu ni mafuta mengi. Kulowa petroli ni kukosa cheche. Oili kwenye nyuzi zake za juu ni gasketi ya mfuniko wa vali inayovuja ndani ya shimo la plagi. Tazama kwa makini sehemu nyeupe ya kauri: mstari mwembamba mweusi unaoshuka kama ufa wa penseli ni njia ambayo umeme umejichongea kukimbilia kwenye chuma badala ya kuruka kwenye ncha. Plagi hiyo imekwisha, na mpira wa koili yake huenda umechongwa vivyo hivyo, kwa hiyo vitazame vyote viwili.

P0300 bila kodi ya silinda maalumu ni ya kutulia nayo. Silinda zote zikimisi kwa zamu, chanzo kwa kawaida ni kitu zinachochangia: hewa ya pembeni, shinikizo la mafuta, au petroli mbaya. Kununua koili zote nne kwa mpigo ni kubahatisha.

Ukipima mgandamizo, silinda ya chini kabisa isipungue robo tatu ya ile ya juu kabisa. Ikipungua hapo, tatizo liko ndani ya injini na hakuna sensa itakayoliponya.

### Hewa nyingi, mafuta kidogo: P0171 na P0174

Kazi kubwa umeshaifanya katika hatua ya 6. Kilichobaki ni sensa ya hewa. Itoe, pulizia dawa yake maalumu, usiguse waya wake mwembamba kwa kidole wala kitambaa, na iache ikauke kabisa kabla ya kuirudisha. Usitumie dawa ya breki. Marekebisho ya mafuta yakirudi karibu na sifuri, umemaliza bila kununua spea.

Kodi hizi mbili zikija pamoja kwenye injini ya benki mbili, tafuta kitu kinacholisha pande zote. Ikija moja, tafuta upande huo tu.

### Sensa za oksijeni: P0130 hadi P0141

Sensa ya mbele ya aina ya kawaida huruka kati ya volti 0.1 na 0.9 bila kutulia injini ikiwa moto. Magari mengi ya sasa yana sensa za mbele za aina pana ambazo hazirukiruki hivyo, kwa hiyo hakikisha gari lako ni la aina gani kabla ya kuhukumu.

Kwa kodi za hita, chomoa sensa ikiwa imepoa na upime omu kati ya nyaya mbili za hita, ambazo mara nyingi zina rangi moja. Omu chache, kwa kawaida chini ya 20, ni uzima. Mita isiposoma kitu, hita imekatika, na hapo sensa inastahili kubadilishwa, mradi umeme wa fyuzi unafika kwenye soketi.

### Katalisti: P0420 na P0430

Hapa ndipo watu wanapoumia zaidi, kwa sababu spea ni ghali na mara nyingi si yenyewe iliyoanza. Usifike hapa kama bado una kodi ya kumisi au ya mafuta.

Pasha injini vizuri kwa kuendesha, kisha shikilia mizunguko 2500 kwa dakika mbili au tatu. Tazama sensa ya nyuma. Katalisti nzima inahifadhi oksijeni na kuitoa polepole, hivyo sensa ya nyuma inatulia, kwa kawaida karibu na volti 0.6 hadi 0.8. Ikiwa inapanda na kushuka kwa kasi ile ile ya sensa ya mbele, katalisti haihifadhi tena kitu.

Hata hivyo usinunue kabla ya kukagua mambo mawili. Kwanza, uvujaji wa eksozi kati ya sensa mbili hizo. Pili, na hili ndilo zito, kilichoiua. Katalisti hufa kwa petroli isiyoungua, kwa oili inayopita kwenye ringi za pistoni, au kwa maji ya radieta yanayopenya kwenye gasketi ya silinda hedi. Pima kiwango cha oili na cha maji kwa wiki kadhaa. Vikishuka bila kuvuja nje, katalisti mpya itafuata njia ya mwenzake.

### Mvuke wa petroli: P0440 hadi P0457

Anza na mfuniko wa tanki. Pangusa mpira wake, utazame kama una mikwaruzo au umekauka, ufunge mpaka ulie. Tundu la nusu milimita linatosha kuandika P0456, kwa hiyo jicho la haraka halisaidii.

Kama gari linagoma kuwaka mara tu baada ya kujaza mafuta, shuku vali ya kuvuta mvuke iliyo karibu na injini. Itoe na uipulize bila umeme: hewa haipaswi kupita. Na ukijaza tanki, acha pampu ikijikata yenyewe. Kuongezea juu kunapeleka petroli ya maji kwenye kopo la mkaa, ambalo limetengenezwa kwa mvuke tu.

### P0128 na P0401

P0128 ni injini isiyopata joto kwa wakati. Kagua kiwango cha maji injini ikiwa baridi. Kama yapo, tazama joto barabarani: likifika 80°C mjini na kuporomoka kwenye mwendo mrefu, thermostati imekwama wazi.

P0401 inasema moshi wa kurudishwa ndani ya injini haupiti vya kutosha. Kabla ya kununua vali ya EGR, fungua na usafishe njia zake. Mara nyingi ni masizi tu yaliyoziba.

## Hatua ya 8: Swali la kujibu kabla ya kulipia spea

Andika sentensi moja kwenye daftari: "Nabadilisha kitu hiki kwa sababu nilipima hivi na nikaona hivi." Kama nafasi ya kipimo haijajazwa, au umeandika tu namba ya kodi, rudi hatua ya 6.

## Hatua ya 9: Rekebisha, futa, kisha hakiki

Sasa futa kodi. Lakini taa iliyozimika baada ya kufuta haina maana yoyote, kwa sababu umeizima wewe. Unachotafuta ni gari lijipime lenyewe na kuridhika.

Fungua ukurasa wa utayari kwenye skana. Mara baada ya kufuta, majaribio kadhaa yatasomeka kuwa hayajakamilika. Anza na injini iliyolala usiku kucha, iache ingurume dakika chache, endesha mjini kwa kusimama na kuondoka, kisha barabara ndefu kwa mwendo usiobadilika kwa robo saa hivi. Jaribio la mvuke wa petroli ndilo huchelewa zaidi. Magari mengi hayalianzi tanki likiwa karibu tupu au limejaa kabisa, kwa hiyo liweke kati ya robo na robo tatu. Kama unakwenda kukaguliwa moshi, usiende kabla majaribio haya hayajakamilika. Gari linaweza kukataliwa hata taa ikiwa imezimika.

Usipofuta kodi, kompyuta yenyewe huzima taa baada ya safari tatu mfululizo zisizo na hitilafu hiyo. Kodi hubaki kwenye kumbukumbu kwa muda zaidi, kwa kawaida mpaka injini ipashwe moto na kupoa mara 40.

Umefanikiwa ikiwa: jaribio linalohusika na kodi yako limekamilika, hakuna kodi inayosubiri, na jumla ya STFT na LTFT imerudi ndani ya 10 kwenye sailensa na kwenye 2500.

Kodi ikirudi ile ile, linganisha rekodi mpya ya tukio na ile uliyoiandika mwanzo. Zikifanana, chanzo hukukigusa. Zikitofautiana, mfano ya kwanza ilikuwa injini baridi na hii ni mwendo kasi, una tatizo la pili na unaanza nalo upya kutoka hatua ya 3. Ukiamua kumpelekea fundi, mpe ukurasa wa daftari wenye kodi, rekodi ya tukio, vipimo vya baridi na vya moto, na ulichokwisha kuhamisha. Mwambie kwanza akuonyeshe kipimo, ndipo akuagizie spea.